Baba pombe, kaka unga, mimi mikeka: ni damu au ni mkosi?

*Shikamoo daktari. Mimi ni mwanaume wa miaka 34, naishi Tandika, nina kibanda cha vifaa vya simu Kariakoo. Baba yetu alikunywa gongo mpaka ini likamuua. Kaka yangu mkubwa aliingia kwenye unga, sasa hivi anakunywa dozi ya methadoni, dawa ya kuachia unga, Temeke na anaendelea vizuri. Mimi niliapa sitagusa pombe wala sigara, na sijagusa. Lakini nabeti. Nilianza na mikeka ya jero jero, leo nimeshakula ada ya mtoto na nadaiwa na watu wa kausha damu. Mama anasema ni mkosi wa ukoo, anataka twende kwa mganga. Mke wangu anasema ni tamaa tu. Nimesoma mahali kwamba haya mambo yako kwenye vinasaba. Ni kweli? Pombe, unga na kubeti vinawezaje kuwa kitu kimoja? Nina mtoto wa kiume wa miaka 13, mpenzi wa mpira kama mimi, huwa ananisaidia kuchagua timu. Nimpeleke akapimwe DNA? Naomba unijibu, maana kuna usiku naona bora nisingekuwepo.*

Marahaba, mdogo wangu.

Naanza na mstari wako wa mwisho, ule ulioutupia chini kabisa ya barua kama salamu za kuagia. Mtu aliyebeti mpaka akaingia kwenye madeni ni kati ya wagonjwa wanaotutia hofu kuliko wengi. Hanuki pombe, hayumbi, kazini anakwenda, na nyumbani hakuna anayejua deni limefika wapi mpaka siku mdai anapogonga mlango. Leo hii mwambie mtu mmoja aliye karibu nawe, mkeo au kaka yako, maneno yaleyale uliyoniandikia mimi. Kisha nenda kliniki ya afya ya akili kwenye hospitali ya rufaa ya mkoa. Temeke njia yake unaijua kwa ajili ya kaka. Na ikitokea usiku mawazo yamekuzidi, usingoje siku ya kliniki, nenda mapokezi ya dharura usiku huohuo, usiende peke yako. Mengine yote niliyoandika hapa chini yanaweza kusubiri, hilo haliwezi.

Sasa tuje kwenye damu.

Mama yako ameona vizuri. Mwanamke aliyemzika mume kwa gongo na kumfuata mtoto maskani usiku hahitaji profesa wa kumwambia kwamba jambo hili linatembea kwenye ukoo. Linatembea kweli. Tunachotofautiana naye ni sababu.

Njia iliyowasaidia watafiti kutenganisha damu na malezi ni mapacha. Mapacha wa yai moja wana vinasaba vilevile. Wa mayai mawili wanashirikiana nusu tu, kama wewe na kaka yako. Wote wamelala chumba kimoja, wamekula sufuria moja, wamechapwa na baba mmoja. Kwa hiyo ikiwa pacha wa yai moja akiwa mlevi mwenzake naye huwa mlevi mara nyingi kuliko ilivyo kwa mapacha wa mayai mawili, ile tofauti huwezi kuisingizia nyumba. Hesabu hiyo imefanywa kwa maelfu ya mapacha Ulaya, Marekani na Australia. Kwa pombe, kurithi kunaeleza takriban nusu ya tofauti ya hatari kati ya mtu na mtu. Sigara iko hapohapo au juu kidogo, kokeini inafika karibu asilimia 70. Na kamari, ambayo haimwingizii mtu chochote kinywani wala kwenye mshipa, nayo iko karibu nusu.

Hiyo ya kamari isome tena. Kama uraibu ungekuwa ni suala la kemikali kuingia mwilini na kuuharibu ubongo, mikeka isingekuwa na sababu ya kufuata ukoo kwa kiwango kilekile cha pombe.

Kuna ushahidi wa aina nyingine, wa watoto waliolelewa na wasiowazaa. Mwaka 2012 Kenneth Kendler na wenzake walichapisha utafiti wa watoto zaidi ya 18,000 wa Sweden walioasiliwa. Wale ambao mzazi wao wa damu alikuwa na tatizo la dawa za kulevya, mzazi ambaye hawakukua naye, asilimia 8.6 waliingia kwenye dawa hizo. Wale ambao wazazi wao wa damu hawakuwa na tatizo hilo, asilimia 4.2. Ni mara mbili. Lakini geuza namba hizo uzitazame upande wa pili: zaidi ya tisa kati ya kila kumi wa kundi lenye damu ya hatari hawakuingia. Na jambo la tatu, ambalo kwangu ndilo zito: nyumba walimolelewa nayo ilikuwa na nguvu yake. Talaka, vifo, ulevi wa walezi, vyote viliongeza hatari, na viliwaumiza zaidi walewale waliozaliwa na hatari kubwa.

Chukulia baba yako amekuachia kiwanja bonde la Msimbazi. Mvua haiji kwa sababu ya kiwanja chako. Kuna mwaka mzima unaweza kupita mkakaa pakavu kama watu wa Upanga. Lakini mvua ikinyesha, ileile inayowanyeshea wote, wewe ndiye unayetoa godoro nje wa kwanza. Ulichorithi ni hicho kiwanja. Pombe, unga na mikeka ni mvua.

Hapo ndipo lilipo jibu la swali lako kubwa, kwamba vitu vitatu vinawezaje kuwa kimoja. Si kimoja kabisa. Vina sehemu wanayoshirikiana na sehemu ambayo kila kimoja kina yake.

Mwaka 2023 timu iliyoongozwa na Alexander Hatoum wa Chuo Kikuu cha Washington, St. Louis, ilikusanya taarifa za vinasaba za watu zaidi ya milioni 1 wenye asili ya Ulaya na kutazama matatizo ya pombe, sigara, bangi na dawa za jamii ya afyuni, ambayo heroini ni mojawapo, yote kwa pamoja. Walipata sehemu 19 kwenye vinasaba zinazohusiana na hatari ya uraibu kwa jumla, bila kujali mtu anatumia nini, na nyingine 47 zinazohusu kilevi kimoja kimoja. Jeni nyingi za lile kundi la jumla zinahusika na namna ubongo unavyosimamia dopamini, kemikali inayobeba ujumbe ndani ya ubongo. Mojawapo inaitwa PDE4B. Huna haja ya kuikariri, hata sisi wengine tumeijua juzi.

Sehemu za kilevi kimoja kimoja ni rahisi kuzielewa. Kuna watu ambao miili yao huivunja pombe kwa namna inayowafanya wajisikie vibaya mapema: uso unawaka, moyo unakimbia, kichefuchefu. Toleo moja la jeni la aina hiyo, ADH1B, linapatikana kwa baadhi ya watu wenye asili ya Afrika, na wenye nalo hupata ulevi wa pombe kwa nadra zaidi. Kuna jeni nyingine, CHRNA5, inayogusa mahali nikotini inaponata kwenye ubongo. Hiyo inahusu fegi. Mtu akirithi kinga ya kwanza ataikimbia bia, lakini kinga hiyo haimsaidii lolote akiwa na simu yenye bando na mechi ya ligi ya Uingereza inaanza.

Kamari haikuwemo kwenye utafiti ule wa 2023, kwa hiyo nisikuchanganyie. Ushahidi wake unatoka zaidi kwa mapacha. Wendy Slutske na wenzake mwaka 2000 walitumia mapacha wanaume wa Marekani waliokuwa jeshini wakati wa vita ya Vietnam, wakakuta kwamba kati ya asilimia 12 na 20 ya hatari ya kurithi ya kamari ni ileile inayomfanya mtu awe mlevi wa pombe. Si kubwa kiasi cha kusema kamari ni ulevi uliovaa nguo nyingine. Si ndogo kiasi cha kuipuuza. Kamari inashirikiana vinasaba pia na sonona na tabia ya kufanya kwanza na kufikiri baadaye. Ile tabia ya pili ndiyo inayoonekana mapema. Utafiti mwingine mkubwa, wa 2021, wa watu takriban milioni 1.5, uliweka pamoja kuanza mapenzi mapema, kutotulia darasani, kuvuta bangi, pombe yenye matatizo na kupenda hatari, ukakuta vyote vina mzizi mmoja wa kurithi unaojitokeza kwa sura tofauti.

Kwa hiyo kilichomo kwenu kinaweza kutoka kwa baba kama gongo, kwa kaka kama unga, na kwako kama mikeka, bila ya yeyote kati yenu kurithi "jeni ya gongo". Ulipoapa kutogusa pombe ulifanya jambo kubwa, na sisemi hivyo kukufurahisha. Wengi waliokulia nyumba kama ile hawakuweza. Ila uliikwepa pombe ukadhani umekwepa jambo zima. Nimewaona wengi wa namna yako: wacha Mungu, hawanywi, hawavuti, na kwa sababu hiyo hakuna aliyewashtukia, hata wao wenyewe.

Dopamini hii imezungumzwa sana mitandaoni kwamba ni kemikali ya raha. Ni zaidi kemikali ya kujifunza na kutamani. Inapanda pale jambo zuri linapotokea bila kutarajiwa, na kitu kinachoichezea kuliko vyote ni malipo ambayo hujui yatakuja lini. Heroini huisukuma kwa nguvu ya dawa. Mkeka huisukuma kwa kutokuwa na uhakika.

Ushahidi unaonishawishi kuliko wote unatoka kwa wazee wenye ugonjwa wa Parkinson, ule wa kutetemeka. Baadhi ya dawa zao, kama pramipeksoli, huiga kazi ya dopamini. Miaka ya mwanzo ya 2000 madaktari walianza kuona wagonjwa waliokuwa hawajawahi kucheza kamari maishani wanamaliza akiba za uzeeni kwenye kasino baada ya kuanzishiwa dawa au kuongezewa dozi. Dawa ilipopunguzwa au kusimamishwa, wengi waliacha. Mzee wa miaka 65 asiye na tamaa yoyote, mpe kidonge, anaweza kuwa mcheza kamari. Mwondolee, anarudi kuwa yule mzee. Hilo mwambie mkeo, shemeji yangu, siku atakaposema tena ni tamaa tu. Mwambie kwa upole, maana ada uliyokula ni ya mtoto wake pia.

Na sasa kile unachokijua wewe kuliko mimi. Mkeka wa timu nane. Saba zimetiki, ya nane inaongoza bao moja, dakika ya 89 wanarudisha. Mkeka umechanika. Kwa hesabu, kukosa kwa timu moja na kukosa kwa timu sita ni kitu kilekile: pesa imekwenda. Kwa ubongo sivyo. Luke Clark na wenzake Cambridge mwaka 2009 waliwaweka watu kwenye mashine ya kupiga picha ubongo wakicheza mchezo wa bahati, wakaona kwamba kukosa kwa kuponea chupuchupu kunaamsha sehemu zilezile zinazoamka mtu anaposhinda kweli. Wachezaji walisema kunaudhi. Na walitaka kucheza tena. Sasa kumbuka kwamba mkeka wa timu nane, kwa namna ulivyo, unazalisha "ilibaki moja tu" wiki hadi wiki. Madubwi ya mtaani, zile mashine za kamari, nayo ni hivyohivyo, na ule mchezo wa ndege inayopaa umeifupisha shughuli nzima ikawa sekunde chache.

Kuna dawa inaitwa naltreksoni, inazuia vipokezi vya afyuni kwenye ubongo. Imetumika kwa walevi wa pombe na kwa walioacha heroini. Watafiti walipoijaribu kwa wacheza kamari, ilipunguza hamu kwa baadhi yao, na wakati Jon Grant na wenzake walipochambua mwaka 2008 ni nani walionufaika zaidi na dawa za aina hiyo, kimojawapo cha vitambulisho kilikuwa kuwa na ulevi wa pombe katika familia. Mtoto wa mlevi, asiyekunywa, anayebeti, akasaidiwa na dawa ya walevi. Si dawa iliyoidhinishwa kwa kamari, na si ya kununua duka la dawa kwa kuelekezwa na rafiki. Nimeitaja kwa sababu inaonyesha ule ushirika waziwazi, na kwa sababu nyinyi mna hatari yenu maalumu: ikiwa siku moja daktari atakuandikia, isikae mahali ambapo kaka anaweza kuimeza kwa bahati mbaya. Mtu aliye kwenye methadoni akinywa naltreksoni anaingia alosto, yaani mateso ya kukosa dawa, kali na ya ghafla, na anaweza kulazwa.

Hiyo nusu tuliyoitaja juu watu huielewa vibaya. Haina maana kwamba kati ya mikeka kumi uliyochana mitano ni ya marehemu baba. Ni kipimo cha kundi la watu, mahali fulani, wakati fulani, na mazingira yakibadilika nacho hubadilika. Kijiji kisicho na pombe hakina mlevi hata kama kila mtu ana damu ya ulevi. Wanajeshi wa Marekani waliotoka Vietnam walifuatiliwa na mtafiti Lee Robins waliporudi kwao: karibu mmoja kati ya watano alikuwa mraibu wa heroini kule, lakini kati ya hao walioathirika, takriban asilimia 5 tu walirudi kwenye uraibu katika mwaka wa kwanza nyumbani. Damu ileile, heroini ileile ikiwa bado inapatikana Marekani, ila mazingira, marafiki na sababu za kuitumia vilibadilika. Hapa kwetu serikali ilipopiga marufuku viroba tarehe 1 Machi 2017, hakuna vinasaba vya mtu vilivyobadilika. Ila kijana wa bodaboda aliyekuwa anaweza kulewa kwa sarafu alizonazo mfukoni, kwa kipakti cha kuficha kiganjani, ilibidi atafute pesa zaidi na mahali pa kukaa.

Sasa jiulize, katika maisha yako kiroba kiko wapi? Kimo kwenye simu, iliyo mkononi tangu unapofungua kibanda mpaka unapolala, na pesa ya mauzo imo kwenye simu hiyohiyo. Baba yako alihitaji kutembea mpaka kwa mama gongo.

Kuhusu kipimo cha DNA cha mtoto: usimpeleke. Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali hupima vinasaba kwa mambo kama kumtambua mzazi au kesi za jinai, na hapo majibu yanaeleweka. Hatari ya uraibu imetawanyika kwenye mamia ya sehemu, kila moja inasukuma kidogo sana, na hata zikijumlishwa zote alama inayopatikana haitoshi kumwambia mtu mmoja wewe utakuwa hivi. Mwaka 1990 Kenneth Blum na wenzake walitangaza kwamba wamepata toleo la jeni la DRD2 linalohusiana na ulevi sugu, magazeti duniani yakaandika "jeni ya ulevi imepatikana". Wengine walipojaribu kurudia, wapo waliopata na wapo waliokosa, na leo eneo lile la DRD2 linahesabika kama moja kati ya mengi, lenye mchango mdogo. Wapo wanaouza vipimo vya mate mtandaoni wakiahidi kukusomea uraibu wako. Ni biashara.

Tena kuna jambo linalotuhusu sisi zaidi. Katika ule utafiti wa 2023 watu wenye asili ya Afrika walikuwa 92,630, si hata moja ya kumi ya wale wenye asili ya Ulaya, na kwao ilipatikana sehemu moja tu ya hatari ya jumla. Haina maana hatuna nyingine. Afrika ndiyo yenye vinasaba vya aina nyingi kuliko bara lolote, na alama iliyotengenezwa kwa Wazungu inapoteza shabaha ikiletwa kwa Mzaramo wa Kisarawe au Mmakonde wa Newala. Kwa sasa kipimo bora cha hatari ya mwanao unacho tayari, nawe umekiandika kwenye mistari mitatu ya barua: babu, baba mkubwa, baba. Hakuna maabara itakayokupa zaidi ya hapo.

Huyo kijana ndiye anayenishughulisha kuliko wewe, unisamehe. Umeandika kwamba anakusaidia kuchagua timu. Mtoto wa miaka 13 anayejua lugha ya kubeti, GG ni nini na ova 2.5 ni nini, ameshaanza shule yako. Sheria inakataza michezo ya kubahatisha kwa aliye chini ya miaka 18, na wewe umemwingiza kwa mlango wa mapenzi ya mpira, pengine ndiyo saa pekee ya wiki mnayokaa wawili. Endeleeni kutazama mpira. Mkeka utoke.

Kuhusu umri wa kuanza kuna takwimu za Marekani za mwaka 1997 zinazotajwa sana: walioanza kunywa kabla ya miaka 15, zaidi ya asilimia 40 walikuja kuwa tegemezi wa pombe wakati fulani maishani, walioanza wakiwa na miaka 20 au zaidi, karibu asilimia 10. Watu huzisoma kana kwamba kuchelewesha peke yake kunaponya. Sehemu ya tofauti hiyo ni kwamba damu ileile inayomfanya mtu awe mraibu ndiyo inayomfanya aanze mapema. Hata hivyo kuchelewesha kuna faida yake halisi kwa ubongo unaokua, na ni jambo mojawapo lililo mikononi mwa mzazi. Tafiti za mapacha zinaonyesha pia kwamba katika umri huu wa ubalehe nyumba na marafiki wana nguvu kubwa, na vinasaba vinaongeza sauti yake kadiri mtu anavyofika ukubwani. Kwa hiyo miaka michache ijayo ni yako.

Mweleze historia ya ukoo kwa lugha ya kawaida, kama mnavyoelezana kwenye familia yenye kisukari. Babu alikufa kwa pombe, baba mkubwa anatibiwa, mimi nina tatizo la kubeti na naenda hospitali. Kwetu vitu hivi vinatushika haraka, kwa hiyo wewe ukionjeshwa na wenzako ujue si sawa na wao. Usimwambie "na wewe utakuwa hivyohivyo". Katika utafiti ule wa Hatoum, watoto wa miaka 9 na 10 ambao hawajawahi kuonja chochote, wenye alama kubwa za hatari, walionekana zaidi na utundu na tabia za kulipuka. Mtoto wa hivyo mtaani anaitwa mkorofi, anachapwa, anafukuzwa shule, anaishia kukaa na wakubwa kijiweni. Kama wako ni wa namna hiyo, mpatie shughuli yenye msisimko, mazoezi ya mpira yenye kocha na ratiba, na mwalimu wa kumsikiliza. Fimbo kwa mtoto huyu humsogeza kulekule unakokukimbia.

Mganga sitamsema vibaya mbele ya mama. Kama anataka dua, mkaombe dua, haina madhara. Msilipe pesa, kwa sababu kila shilingi iliyobaki ina mwenyewe.

Upande wako, tiba yenye ushahidi mzuri zaidi kwa kamari ni mazungumzo yaliyopangwa na mtaalamu, wiki baada ya wiki, mnachambua saa, mahali na hisia zinazotangulia mkeka. Wakati huohuo pesa na wewe mtengane. Lipa namba ya kibanda iwe ya shemeji, na namba ya siri aijue yeye peke yake. Ada ilipwe moja kwa moja shuleni. Kampuni zenye leseni huwa na utaratibu wa mteja kujifungia akaunti. Omba kwa maandishi, kwa muda mrefu kuliko wote wanaoutoa, na usijidanganye kwa laini ya pili. Wadai wote waandikwe kwenye karatasi moja na shemeji aione, hata ile uliyopanga kuificha. Ndugu wakitaka kuchanga walipe lote kwa mkupuo, wakatalie. Nimeona mara nyingi deni likifutwa Ijumaa na mkeka ukisukwa Jumamosi. Lilipwe kidogo kidogo kutoka kwenye kibanda.

Wiki za mwanzo utakuwa na hasira, usingizi utakata, mechi kubwa zitakukereketa. Kaka yako anaijua hali hiyo kwa jina lake. Zungumza naye, yeye hupanga foleni ya dozi asubuhi na anajua kuishi siku moja moja kuliko mimi ninayesoma vitabu. Muulize naye kama anabeti, kwa sababu nchi nyingine zimekuta watu walio kwenye methadoni wanacheza kamari kupita wenzao wa mtaani, na mara nyingi hakuna anayewauliza. Na wewe usije ukaanza bia ili upate usingizi. Kwa mtu mwingine hilo lingekuwa kosa dogo.

Ukienda kliniki chukua taarifa ya miamala ya simu ya miezi sita, ichapishwe yote, usichague kurasa. Daktari atakuuliza umepoteza kiasi gani na wewe utataja nusu; kila mtu hutaja nusu. Mpe karatasi. Kisha umtajie baba, kaka, na ule usiku ulioniandikia.